Fundi wa Ijumaa

3 Februari

Mpwa wangu Kiherehere,

Usishtuke kuona bahasha. Sijafa, wala siumwi zaidi ya kawaida yangu. Ni kompyuta. Tangu Ijumaa ile nilipozungumza na mama yako, intaneti imekatika na haijarudi. Nikiiwasha inaniambia hakuna mawasiliano, na kuanzia hapo ni kutazamana tu. Ndiyo sababu Ijumaa iliyofuata hamkuniona, na huenda mkanikosa kwa muda.

Simu unaijua habari yake. Masikio yangu hayaipati, na zile herufi zake ziliandikwa kwa ajili ya macho ya vijana. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu, ambayo haijawahi kunidai nenosiri.

Msalimie dada yangu. Mwambie ni mitambo tu, wala usiongeze neno.

Huku mvua haijakoma. Ngazi za jengo letu zimepakwa rangi ya kijivu, na wapangaji wote tunapanda tumeinua mikono kama watu waliokamatwa, tusijichafue. Mimi ni mzima. Usihangaike kunieleza la kufanya. Mambo haya pengine yatatengemaa yenyewe.

Mjomba wako


11 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua! Mtu wa posta alinikabidhi kwa heshima kana kwamba ananiita mahakamani. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Ati yatatengemaa yenyewe! Mjomba, mimi kazi yangu ni kuvuta nyaya kwenye maofisi ya watu. Nikuache wewe gizani, watu watasema mganga hajigangi. Vaa miwani tufanye kazi.

Anza na kile kisanduku cheupe ukumbini, karibu na mlango. Nilikifunga mwenyewe nilipokuja kukutembelea, na waya niliupitisha chini ya zulia, nyuma ya kabati la vitabu, mpaka kwenye meza yako. Tazama kama taa zake zinawaka. Kisha sukuma kichwa cha waya upande wa kisanduku na upande wa kompyuta, mpaka usikie sauti ndogo ya "ta". Usiposikia kwa sikio, utaisikia kwa kidole.

Baada ya hapo zima kisanduku kabisa, kichomoe hata kwenye umeme. Kikiwa kimezimwa hivyo hivyo, nenda nyuma ya kompyuta, pale waya unapoingia. Pana vitaa viwili vidogo kama macho ya panya. Niambie unaona nini. Halafu washa kisanduku, utazame tena, uniambie tena. Nikijua hayo nitajua ugonjwa uko wapi.

Mama hajambo. Anakula, anapumzika, anakuulizia. Ijumaa alivaa lile gauni lake la kijani akakaa mbele ya skrini. Nilimwambia ni mitambo. Siku ile ilipokatika mimi nilikuwa nimetoka kuanua nguo, niliporudi skrini ilikuwa nyeusi, kwa hiyo sikuona ilikatikaje. Iliganda kwanza au ilizima ghafla? Inasaidia kujua.

Jibu upesi, na usifupishe kama unavyofupisha salamu.

Mpwa wako,
Kiherehere


20 Februari

Mpwa wangu,

Nimefanya yote uliyoagiza.

Taa za kisanduku zinawaka zote. Vichwa vya waya nimevisukuma pande zote mbili na sauti uliyoisema nimeisikia. Kisha nikazima kisanduku, nikakichomoa kwenye umeme, nikarudi mezani na kupiga magoti, jambo ambalo katika umri wangu ni safari yenye kwenda na kurudi. Kitaa cha kijani kilikuwa kinawaka bila kutikisika, na cha njano kinakonyeza. Nikawasha kisanduku, nikatazama tena. Vivyo hivyo.

Basi ugonjwa hauko chumbani kwangu. Nadhani uko kwa wenye laini, huko mitaani, na hao wanajulikana kwa kuchukua muda wao. Unauliza ilikatikaje. Ilizima ghafla.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, yule fundi cherehani, anasema kompyuta ni kama mume. Ukiizoea inakununia, ukitaka kuiacha inajifanya imepona. Nilimwambia amekosea, yangu imenuna tu. Alicheka mpaka akadondosha pini zilizokuwa mdomoni.

Nikuulize jambo. Mama yako analala vizuri? Kuna kitu chochote anachokiogopa siku hizi? Nijibu hili hata kama mengine hutayajibu.

Mjomba wako


1 Machi

Mjomba,

Vile vitaa vya nyuma ya kompyuta havijiwashi vyenyewe. Vinawaka pale tu ambapo upande wa pili wa waya kuna kitu chenye uhai. Ukizima kisanduku na vyenyewe vinazima, na jibu la swali langu lilikuwa ni giza. Mtu yeyote aliyepiga magoti pale angeniandikia, "sikuona taa." Wewe umeniandikia kijani, tena na njano ikikonyeza.

Umefanya kazi ya kusahihisha vitabu vya watu maisha yako yote, ukazoea kwamba pengo kwenye ukurasa ni kosa. Nilipokuachia pengo ukalijaza. Hukupiga magoti, Mjomba. Nadhani hata waya hukuugusa, na nadhani haujachomekwa. Nadhani uliuchomoa wewe.

Ngoja niseme na yangu, maana nami nimekudanganya. Mama si mzima. Anasahau. Ilianza na majina, sasa ni watu. Mimi kuna siku ananiita mama, ananiomba ruhusa ya kwenda kucheza. Daktari amemsikiliza kifua, akaniambia moyo wake umechoka na tusiweke mipango ya mbali. Niliogopa ukijua utaumia, nikawa kila Ijumaa namtengeneza nywele, namkumbusha jina lako kabla hujatokea, kama mwalimu anayemnong'oneza mtoto majibu.

Ile Ijumaa niliporudi na nguo nilimkuta amejikunyata pembeni ya kabati, uso ameufunika kwa mtandio. Nilidhani ni baridi. Sasa sidhani tena. Ulimwambia nini? Kama ulimfokea kwa sababu amekusahau, sema. Nitakusamehe, lakini sema. Na kama umetuchoka, hilo nalo lina maneno yake. Usinitumie habari za taa.

Mpwa wako


10 Machi

Kiherehere, mwanangu,

Waya niliuchomoa mimi.

Sikumfokea. Ulipotoka, mama yako alinikazia macho. Nilidhani picha imeganda. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Samahani baba, wewe ni nani?" Nikamwambia, "Mimi ni kaka yako." Akacheka kile kicheko chake cha kujifunika mdomo kwa kiganja. "Kaka yangu ni kijana," akasema. "Ndevu zenyewe anaziota kwa msimu. Wewe ni mzee." Nikasema, "Nimezeeka, dada. Na wewe pia." Nilikuwa natania.

Akaacha kucheka. Akasogeza uso karibu na kioo, akanong'ona, "Mmempeleka wapi?"

Hii sehemu hujawahi kuambiwa vizuri. Siku nilipoondoka nyumbani, watu walikuja kunitafuta ili wanikamate. Mimi nilikuwa nimeshapita uani. Baba hakuwepo, mama yetu alikuwa mgonjwa, kwa hiyo aliyekwenda kuwafungulia mlango ni dada yangu, msichana wa miaka kumi na sita. Aliwaweka pale mlangoni kwa maneno, muda wa kutosha mimi kufika mbali. Walimwambia nini, walimfanya nini, hakuwahi kunisimulia, na mimi katika barua zangu zote sikuuliza.

Ile Ijumaa alikuwa mlangoni tena, na mimi nilikuwa mmoja wao. Alianza kunisihi. "Chukueni kila kitu, yeye mwacheni. Hajui lolote, anasoma tu vitabu." Nikamwita jina lake, akazidi kuogopa kwa kuwa nimelijua. Kila nilivyosema alizidi kurudi nyuma. Alikuwa ananikinga mimi nisidhurike na mimi.

Pale chini ya skrini kuna kitufe cha kukata. Sikukikumbuka. Niliuvuta waya kwa nguvu zangu zote ili uso wangu umwondokee.

Sasa unajua kwa nini sikupiga magoti. Nilivyoishi ugenini miaka yote hii nilijipa moyo kwamba kuna nyumba moja ambako nikibisha nitajulikana. Siwezi kuwa kile kinachomfanya dada yangu ajikunyate pembeni ya kabati. Afadhali anikose.

Nisamehe ile njano inayokonyeza. Niliiweka kwa ajili ya urembo.

Mjomba wako


19 Machi

Mjomba wangu, shikamoo.

Nimelia kazini, juu ya ngazi, kichwa kikiwa ndani ya dari ya ofisi ya watu. Mwenzangu aliyekuwa chini akanipigia kelele, "Vipi huko, umenaswa na umeme?" Nikamwambia ni vumbi.

Nisamehe nilivyokuandikia. Sasa nisikilize, maana kuna jambo ambalo sikukuambia kwa sababu nililiona dogo.

Ulipoanza kukosekana, sikujua nimwambie mama nini. Nilimwambia laini imeharibika na fundi atakuja. Mjomba, kila ninachomwambia kinamtoka kama maji kwenye chekeche, lakini hilo limeshika. Kila Ijumaa anaomba gauni la kijani. Anakaa mbele ya skrini iliyozimwa, mikono mapajani, kisha ananiita. "Fundi hajaja?" Namwambia bado. Anasema, "Mafundi nao! Ukiwalipa kwanza wanakukimbia, usipowalipa hawaji." Juzi nikamuuliza, huyo fundi unamtakia nini? Akanitazama kana kwamba mimi ni mpumbavu. "Anitafutie kaka yangu."

Mama anamwogopa mzee anayejiita kaka yake. Fundi anamngoja, na fundi hakuna aliyesema awe kijana. Njoo kama fundi, Mjomba. Usimwite jina. Vaa lile koti lako la kazini lenye mifuko. Mwambie upo kwenye laini, unatafuta. Utamwona naye atakuona, bila kuogopa. Ni uongo, lakini ulishatunga mkubwa kuliko huo kwa habari ya taa.

Fanya haraka. Miguu imeanza kumvimba, na akipanda kitandani inabidi apumzike katikati ya kupanda.

Kiherehere


28 Machi

Kiherehere,

Nilipopata barua yako nilikwenda kuchomeka waya kabla sijavua kofia. Sasa sikiliza, na ninajua sistahili kuaminiwa: haifanyi kazi.

Kile kijilimi cha plastiki kwenye kichwa cha waya, kile kinacholia "ta", kimevunjika. Nilikivunja siku ile nilipovuta. Kichwa kinaingia, kisha kinateleza kutoka. Nikikishikilia kwa vidole kitaa kinawaka, nikiachia kinakufa. Nilikifunga kwa uzi wa jirani, kompyuta ikasema imeunganishwa, ikaanza kufungua ukurasa, ikakata. Jirani akaja mwenyewe na sindano zake, akakaa chini ya meza, akasema angekuwa mgonjwa angemshona.

Nikaenda dukani. Muuzaji aliniuliza, "Waya wa mita ngapi?" nami nikabaki nimefungua mikono kama mvuvi anayesifia samaki. Akaniuzia waya, nikapanda nao ngazi zote, kichwa chake ni chembamba na kinapwaya tunduni. Kumbe ni wa simu. Nimerudi, duka limefungwa mpaka wiki ijayo kwa kuhesabu mali.

Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua lolote, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Nimezima kisanduku, nikashikilia kichwa cha waya tunduni, nikatazama nyuma ya kompyuta kwa tochi, safari hii kwa magoti ya kweli. Ulisema sawa. Hakuna taa.

Alikuwa ananingoja, nami nilikuwa nimekaa hapa nimeushika waya mkononi. Mwambie fundi yuko njiani. Mwambie asilale.

Mjomba wako


5 Aprili

Mjomba,

Kifurushi hiki kina waya. Nimeukata, nimeubana vichwa vyote viwili na nimeupima mwenyewe, kwa hiyo usiwe na wasiwasi nao. Urefu unatosha. Usiupitishe chini ya zulia, hatuna nafasi ya urembo. Ulaze sakafuni, uwe unauruka.

Zima kisanduku, kunywa maji glasi nzima taratibu, kisha kiwashe. Acha taa zitulie. Nyuma yake kuna matundu ya njano yaliyopangana na tundu moja la buluu limejitenga. La buluu usiliguse, hiyo ndiyo laini inayotoka nje. Chomeka kwenye njano lolote. Upande wa pili chomeka kwenye kompyuta mpaka kidole kisikie. Ikisema imeunganishwa lakini kurasa hazifunguki, izime kompyuta na kuiwasha upya. Ikikataa tena, usiitukane, rudia tangu mwanzo.

Hawezi tena kukaa kwenye kiti. Skrini nimeihamishia kando ya kitanda, na kompyuta yangu naiacha wazi muda wote. Piga saa yoyote. Usingoje Ijumaa. Kwake sasa kila siku ni Ijumaa.

Kiherehere


21 Aprili

Mpwa wangu,

Ningeweza kukuandikia kwa kompyuta. Waya wako unafanya kazi vizuri kuliko mwenye nao. Lakini jana, uliponitokea kwenye skrini na watu wa mazikoni bado wanapita nyuma yako wakibeba viti, nilishindwa kukuambia haya usoni. Ulinitazama ukaniuliza, "Mlizungumza nini siku ile, Mjomba?" nami nikasema mambo ya kawaida. Nakudai uvumilivu wa kusoma jibu lenyewe.

Siku ile niliyopiga kwa waya wako, mama yako alipokuambia, "Tupishe, nina kazi na fundi," na wewe ukafunga mlango, aliniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye mifuko ya koti. Akasema, "Umechelewa." Nikasema, "Samahani mama, laini ilikuwa mbovu." Akasema, "Hivyo ulivyo mzee unapanda nguzo?" Nikamwambia siku hizi nguzo hazipandwi. "Ndiyo maana hamfiki," akasema, akacheka, mkono ukainuka kutafuta mdomo usifike.

Hakuniogopa hata kidogo. Alinihurumia. Aliniuliza kama nimekula.

Akanieleza nitamtambuaje kaka yake. Ni mrefu, anasema, anatembea huku anasoma, akijigonga kwenye nguzo anaiomba radhi nguzo. Anapenda ukoko wa chungu, na akinyimwa anakaa kimya siku nzima kama mfiwa. Ni mwoga wa mbwa na si mwoga wa watu, na hapo ndipo kosa lake lilipo. Nilikuwa najifanya nabonyeza vitufe. Sikuwahi kusikia mtu akinieleza hivyo. Hata yeye katika barua zake hakuwahi. Ukizungumza na mtu mwenyewe humwambii jinsi alivyo.

Sasa nikuambie jambo ambalo mama yako hakulijua. Kwa miaka mingi nilikuwa na kinyongo naye. Wenzangu walioondoka wakati ule waliitwa na ndugu zao mambo yalipotulia. Wengine walirudi, wakajenga, wakazikwa kwao. Mimi kila barua ya dada niliifungua nikitafuta neno moja, "rudi", na hakuliandika. Aliandika habari za mvua, za harusi yake, za kuzaliwa kwako. Nikasema moyoni, amezoea kuishi bila mimi. Na mimi kwa kiburi changu nikakaa mpaka miguu ikawa haifai tena kwa safari.

Mama yako alifumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akaniita kwa kidole, nikasogea mpaka nikaona pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo cha kamera. Akasema polepole, ili fundi asikosee:

"Ukimpata, mwambie asirudi. Bado wapo nje, nawasikia. Mwambie akae huko huko aliko, ale vizuri. Mimi niko mlangoni. Nikiona njia nyeupe nitamwita mwenyewe."

Nikamwambia nitamfikishia.

Akasema, "Basi usinikalie hapa. Nenda kamtafute." Nikabonyeza kile kitufe cha kukata, taratibu, na yeye alikuwa ameshageuza uso kutazama mlango.

Hayo ndiyo tuliyozungumza. Ujumbe wake nimeufikisha kwa mwenyewe, na mwenyewe ameusikia. Lakini dada alisema ataniita, Kiherehere, na sasa sijui nani ataniita.

Mjomba wako